Rezista ya mwisho ya CAN inayowashwa kwa programu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaochora au kutengeneza bodi za elektroniki za vyombo vya moto: mafundi wa Malindi wanaoshika tuktuk za umeme, matatu na magari ya Kijapani, na wenzetu wa Lamu ambao kazi yao kubwa ni boti. Maswali yamewekwa jinsi yanavyoingia karakanani, ndiyo maana mengine yana jibu refu na mengine mistari michache tu.

Rezista ya mwisho kazi yake nini hasa?

Laini ya CAN, ambayo bodi na kompyuta za chombo huzungumzia, ni nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, moja huitwa H na nyingine L. Kukiwa kimya, zote mbili hukaa karibu na volti 2.5. Bodi moja ikisema, H hupanda hadi kama 3.5 na L hushuka hadi kama 1.5. Wanaosikiliza hawaangalii waya mmoja mmoja, wanaangalia tofauti kati ya hizo mbili: ikizidi volti 0.9 ni biti ya sifuri, ikiwa chini ya 0.5 ni biti ya moja. Bosch waliutangaza mfumo huu Detroit mwaka 1986, na hapo kwenye nyaya mantiki yake ni ileile mpaka leo.

Rezista za mwisho zina kazi mbili. Ya kwanza ndiyo inayofundishwa kila mahali: ishara ikifika kwenye ncha ya waya isiyo na kitu, inarudi ilikotoka na kuchafua biti zinazofuata. Wimbi la bahari likigonga ukuta wa gati hurudi na kuitikisa mashua. Likipanda mchangani hufia hapohapo. Rezista yenye thamani sawa na ya waya ndiyo mchanga wenyewe.

Kazi ya pili husahaulika, na kwa vyombo vyetu vidogo ndiyo kubwa zaidi. Transiva ya kawaida ya CAN, yaani chipu inayounganisha bodi na laini, huivuta laini inaposema, lakini haiirudishi inaponyamaza. Inaachia tu. Anayeirudisha ni rezista. Piga hesabu: bodi kumi, kila moja na pikofaradi 100, juu yake waya wa mita kumi wenye pikofaradi 50 kwa kila mita. Jumla ni nanofaradi 1.5. Kukiwa na omu 60, kipimo cha muda wa kurudi ni nanosekunde 90. Toa rezista zote, kinachobaki ni upinzani wa ndani wa transiva. Tuseme ni kilo-omu 30 kila moja. Kwa bodi kumi inakuwa kilo-omu 3, na kipimo kinaruka hadi maikrosekunde 4.5. Biti moja kwenye kasi ya kilobiti 500 kwa sekunde ina maikrosekunde 2 tu. Laini haijatulia, na biti nyingine imeshaingia.

Kwa nini omu 120, halafu mita yangu inasoma 60?

Waya uliosokotwa wa CAN una tabia ya omu 120 kwa ishara inayopita (si omu unazopima kwa mita), kwa hiyo kila ncha inafungwa na omu 120. Rezista mbili zikiwa sambamba, mita inasoma 60. Vitabu vya ufundi vya Toyota huandika kati ya omu 54 na 69 kwenye pini ya 6 na ya 14 za soketi ya OBD, ile ya kuchomeka mashine ya uchunguzi, ukiwa umezima gari na kuchomoa betri. Ukipima umeme ukiwemo, namba unayoiona haina maana, hata ikitokea kuwa nzuri.

Ukisoma 120, rezista moja haipo au waya umekatika mahali. Ukisoma 40, kuna ya tatu imeongezwa, na mara nyingi inatoka kwenye kifaa kilichofungwa baada ya gari kufika Kenya. Karibu na sifuri, H na L zimegusana. Lakini angalia: magari mapya mengi yana kompyuta ya kati inayotenganisha soketi ya OBD na laini za ndani. Hapo unapima kipande kifupi cha waya na rezista zake, hupimi laini ya injini. Fundi anaweza kusema laini ni nzima huku laini yenyewe hajaigusa.

"Kuwashwa kwa programu" ndiyo nini?

Ni rezista ileile ya omu 120 iliyopitishwa kwenye swichi ya umeme, na swichi hiyo inaamriwa na pini ya maikrokontrola, ile chipu inayoendesha programu ya bodi. Programu ikitaka, rezista inaungwa kati ya H na L. Ikikataa, rezista inabaki kwenye bodi lakini laini haiioni.

Gari lililotoka kiwandani halina kitu kama hicho. Mimi kinanihusu nini?

Labda hakikuhusu, na ningependa uanze na wazo hilo. Gari la kiwandani lina waya uliopimwa, kila kompyuta ina mahali pake, na mchoraji anajua tangu mwanzo nani yuko mwisho. Rezista za kudumu zinatosha, tena ni bora, kwa sababu hazina cha kuharibika. Ukiwa unachora chombo kizima wewe mwenyewe na unajua ncha ziko wapi, weka rezista za kudumu uendelee na mambo mengine.

Swichi inapata maana pale ambapo bodi haijui itafungwa wapi. Mfano wa kwanza ni kifaa cha kupimia. Leo unakichomeka kwenye gari lenye rezista zake mbili, hapo kinatakiwa kisiongeze ya tatu. Kesho umeweka kompyuta moja mezani bila waya wa gari, hapo kinatakiwa kiwe ncha. Mfano wa pili ni betri za tuktuk za umeme. Pakiti zinafanana zote, zinachajiwa, zinabadilishana nafasi, na ile iliyokuwa katikati asubuhi inaweza kuwa ya mwisho jioni. Wa tatu ni vifaa vya kuongezwa, kama trakka ya kufuatilia gari. Ni bodi moja inayouzwa kwa wateja wa kila aina, na aliyeichora hajui itakatiwa waya wapi. Hawa wa tatu ndio wanaotuletea zile omu 40.

Si niweke jampa tu, au swichi ndogo za kidole?

Ukiweza, weka. Jampa, kile kipande kidogo cha kuunganisha pini mbili, ni rahisi, haihitaji umeme, na inakumbuka nafasi yake miaka mingi. Ubaya wake ni mkono: lazima boksi lifunguliwe. Huku kwetu hewa ya chumvi inakula kila kitu kilicho wazi. Bodi ya tuktuk ya Malindi isiyomiminiwa resini au kupakwa vanishi ya bodi haikai, na swichi ndogo ya kidole ndiyo inayoanza kuota kijani. Ukishaimwagia resini, jampa haifikiki tena. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kuhamishia kazi hii kwenye programu hapa pwani. Urahisi unakuja baadaye.

Kuna njia ya kati ambayo watu huidharau: leta ncha za rezista kwenye konekta. Pini mbili za ziada, na kipande cha waya upande wa pili kinaziunganisha pale tu ambapo bodi iko mwisho. Boksi halifunguliwi, programu haihusiki, na anayefunga waya ndiye anayeamua. Kabla ya kuchora swichi, jiulize kwanza kama konekta yako ina pini mbili zilizobaki.

Swichi ya aina gani nitumie?

Hapa ndipo bodi nyingi huharibikiwa, kwa hiyo twende polepole.

Rilei ndogo ya ishara ni chaguo la kizamani lakini la uaminifu. Ikifunga, upinzani wake ni mdogo sana. Ikifungua, laini haioni kitu. Haijali kama laini ina volti 2 au 24. Tatizo lake ni koili inayokula miliwati kama 140 muda wote inaposhikilia, ukubwa, na mtikisiko wa barabara. Aina inayobaki ilipoachwa, ile inayohitaji mshindo mfupi tu wa umeme kubadilika, inaondoa tatizo la kwanza kabisa, na ina faida nyingine tutakayoifikia.

Swichi ya analogi ya volti 5, ile ya bei rahisi inayopatikana kila duka la elektroniki, usiitumie. Mezani itafanya kazi vizuri na ndiyo hatari yake. Kwenye gari, laini ya CAN inaruhusiwa kuelea chini ya sifuri na juu ya volti 5, maana athi za bodi mbili hazilingani kamwe; kiwango cha CAN cha ISO 11898-2, toleo la mwaka 2003, kilitaka mawasiliano yaendelee kutoka volti -2 hadi 7. Na waya wa laini ukigusa waya wa betri, volti 12 au 24 zinaingia moja kwa moja. Transiva zimetengenezwa kuvumilia hayo. Swichi hiyo haivumilii. Mbaya zaidi, bodi ikikosa umeme, diodi za ulinzi zilizo ndani ya swichi huivuta laini nzima kuelekea sifuri, na bodi moja iliyokufa inawanyamazisha wenzake wote. Ziko swichi za analogi zilizojengwa kuhimili volti nyingi hata zikiwa hazina umeme. Bei yake ni nyingine.

Mosfeti, yaani transista inayotumika kama swichi, moja peke yake pia haitoshi. Ndani yake mna diodi inayopitisha umeme upande mmoja hata ikiwa imezimwa. Ndiyo maana zinawekwa mbili, mgongo kwa mgongo, diodi zikitazamana. Kisha unakuja ugumu wa lango (gate), mguu unaoiamuru mosfeti: chanzo chake (source) kinaelea pamoja na laini, kwa hiyo volti ya lango lazima iwe juu ya laini popote inapokwenda. Maikrokontrola ya volti 3.3 haiwezi kuamuru hilo moja kwa moja.

Swichi ya mwanga, yaani diodi ya mwanga ndani ya chipu inayowasha mosfeti mbili upande wa pili, inamaliza ugumu huo. Maikrokontrola inalisha miliampea chache upande mmoja, upande mwingine unaelea utakavyo. Kwa bodi za idadi ndogo hii ndiyo ninayopendekeza. Soma tu mambo mawili kwenye karatasi yake: upinzani ikifunga na kapasita ikifungua. Vinapingana: yenye upinzani mdogo sana huwa na kapasita kubwa, na kapasita hiyo inaning'inia kwenye laini hata rezista ikiwa imetolewa. Usitafute omu sehemu ya kumi, haikusaidii kitu hapa. Chukua yenye omu chache na pikofaradi chache.

Upinzani wa swichi yenyewe nauhesabu vipi?

Unautoa kwenye 120. Swichi ya omu 10 inapewa rezista ya 110, ambayo ni thamani ya kawaida madukani. Kumbuka kwamba omu za swichi hupanda na joto, na boksi jeusi kwenye jua la Malindi saa nane mchana si mahali pa baridi. Ikipanda kutoka 10 hadi 15 huna tatizo, ni 125. Swichi ya omu 40 yenye kupanda na kushuka ndiyo ya kuikimbia.

Rezista ya wati ngapi?

Kazi ya kila siku haifiki hata sehemu ya kumi ya wati: volti 3 juu ya omu 120 ni miliwati 75. Ajali ndiyo inayopima. Volti 12 nzima juu ya omu 120 ni ampea 0.1, sawa na wati 1.2. Kwa kawaida transiva inabana mkondo kabla haujafika huko, lakini kile kirezista kidogo kabisa mfano wa punje ya mchele hakitavumilia ajali ya muda mrefu. Mimi huweka mbili za omu 240 sambamba ili joto ligawanyike. Na swichi nayo ipite mkondo huohuo, si rezista peke yake.

Nimeona michoro yenye rezista mbili za 60 na kapasita katikati. Nayo inawezekana kwa swichi?

Inawezekana. Mpangilio huo, wenye kapasita ya nanofaradi 4.7 kutoka katikati kwenda athi, unapunguza kelele za redio. Ukitaka kuuwasha na kuuzima unahitaji swichi mbili, moja upande wa H na moja upande wa L, zifunguke pamoja. Ukiweka swichi moja katikati, kila nusu inabaki ikining'inia peke yake na mizani ya H na L inavurugika. Kwa tuktuk mimi nabaki na rezista moja na swichi moja.

Bodi ikikosa umeme, rezista inakuwa wapi?

Nikitumiwa mchoro, hili ndilo swali ninalouliza kwanza, na mara nyingi halina jibu. Mchoraji amefikiria bodi ikiwa hai na programu inakwenda. Lakini kuna muda mrefu ambao programu haipo: fyuzi imekatika, maikrokontrola inaanza upya, programu mpya inapakiwa, au betri imeshuka na bodi imejizima kabla ya wenzake. Katika muda huo pini ya maikrokontrola inaelea, na swichi inafanya inavyotaka. Kama bodi hiyo ndiyo ncha, laini ya chombo kizima imepoteza rezista moja kwa sababu ya fyuzi ya bodi moja.

Kwa hiyo uamuzi ufanywe kwenye vipande, kabla ya kuandika mstari wowote wa programu. Kifaa cha kupimia kikifa, rezista itoke, maana gari lina zake. Swichi ya kawaida inayofungua ikikosa umeme inatosha. Bodi ambayo kwa kawaida ni ncha, rezista ibaki. Tumia rilei au swichi ya mwanga ya aina inayofunga ikikosa umeme. Unailisha ili kuitoa rezista, huilishi ili kuiweka. Na bodi ambayo nafasi yake hubadilika, kama pakiti za betri, tumia ile rilei inayobaki ilipoachwa. Ikifa ikiwa ncha, inabaki ncha.

Halafu weka rezista ndogo ya kuvuta kwenye pini ya amri, ili hata maikrokontrola ikiwa bado usingizini swichi ijue upande wake. Wanaotumia maikrokontrola ya ESP32 ya kwanza waepuke pini 0, 2, 5, 12 na 15 kwa kazi hii, kwa sababu chipu inazisoma inapowaka kuamua ianze vipi. Swichi inayovuta pini hizo inaweza kuifanya bodi isiwake kabisa.

Programu ibadilishe rezista lini?

Wakati chombo kimesimama na laini iko kimya. Ukiiunga au kuitoa katikati ya ujumbe, biti inaharibika, kila bodi inapiga kelele ya kosa na ujumbe unatumwa upya. Mara moja haina madhara. Programu yenye kosa inayobadilisha kila sekunde ni jambo jingine: hesabu ya makosa ya kutuma ikipita 127 bodi inaingia hali ya upole (error passive), ikipita 255 inajitoa kwenye laini yenyewe.

Mpangilio unaofaa ni huu. Bodi inawaka, inasoma kumbukumbu ya kudumu kujua ilikuwa nani, inaweka swichi, inasubiri milisekunde chache swichi itulie, ndipo inafungua kidhibiti cha CAN. Kubadilisha baadaye kuwe kwa amri maalumu ya fundi, iliyolindwa kwa nenosiri kama huduma nyingine za uchunguzi, na ikataliwe kama magurudumu yanazunguka. Si jambo la kuachia simu ya mteja.

Naweza kutuma amri ya kuwasha rezista kupitia CAN yenyewe?

Unaona mtego wenyewe: laini ni mbovu kwa sababu haina rezista, na amri ya kuiweka inapita kwenye laini hiyohiyo. Kwa waya mfupi rezista moja ya mwisho kwa kawaida inatosha kupitisha amri, kwa hiyo hakikisha bodi kuu ina moja ya kudumu. Ukihofia zaidi, anzisha laini kwa kasi ndogo, kilobiti 125, gawanya kazi, kisha panda. Ila bodi zote zikubaliane kupanda pamoja, na hapo unaongeza matatizo yako mwenyewe.

Bodi inaweza kujijua kuwa iko mwisho bila kuambiwa?

Kwa mnyororo wa betri, ndiyo, na si lazima iwe kwa ujanja. Konekta ya kutokea ya kila pakiti ipewe pini moja inayovutwa juu ndani ya bodi. Konekta ya kuingilia ya pakiti inayofuata inaunganisha pini hiyo na athi. Pini iko chini, kuna mwenzako baada yako. Iko juu, wewe ndiye wa mwisho, unga rezista. Waya mmoja wa ziada unashinda kurasa za programu.

Wako wanaojaribu kupima omu za laini kwa kupitisha mkondo mdogo laini ikiwa kimya. Mkondo wa miliampea 1 kwenye omu 60 unatoa milivolti 60, kwenye 120 unatoa 120, na zote ziko mbali na kizingiti cha volti 0.5. Lakini bodi mbili zikipima kwa pamoja zinadanganyana, na zote mbili zinaweza kuamua kuwa ncha. Mimi ningeitumia kumwonyesha fundi namba kwenye skrini, nisingeiachia iamue.

Natumia Raspberry Pi na Linux. Kuna njia ya kawaida?

Ipo. Linux ilipata mahali rasmi pa kuweka rezista ya mwisho kwenye sehemu yake ya CAN mwaka 2017, na mwaka 2021 ikaongezwa njia ya kuiamuru kwa pini ya kawaida ya maikrokontrola au kompyuta ndogo. Ukiwa na draiva inayokubali, unaandika `ip link set can0 type can termination 120` kuiunga na `termination 0` kuitoa. Kwenye faili la maelezo ya bodi (device tree) unataja `termination-gpios` na `termination-ohms`. Fanya hivyo kabla ya kuinua `can0`. Kumbuka Linux inachukua sekunde nyingi kuwaka, na katika sekunde hizo swali la bodi isiyo na umeme ndilo linalokuongoza.

Waya wangu wote ni mita mbili. Nahangaikia nini?

Swali zuri, na wachoraji wa tuktuk walitakiwa kuliuliza zaidi. Ishara inatembea mita moja kwa takriban nanosekunde 5. Kwenda na kurudi mita mbili ni nanosekunde 20, na biti ya kilobiti 500 ina 2,000. Mawimbi yanayorudi yanakufa mapema kabla bodi haijasoma biti. Kwako wewe rezista ni ya kuirudisha laini tu, na haijali imekaa wapi. Rezista moja ya omu 60 ndani ya bodi kuu inafanya kazi ileile ya mbili za 120, na suala zima la nani yuko mwisho linaisha. Wengi waliokuja kuuliza swichi ipi wanunue waliondoka na rezista moja ya 60.

Ushauri huo unafika mwisho waya unaporefuka au kasi inapopanda. CAN FD, toleo la kasi la CAN lililotangazwa na Bosch mwaka 2012, inapeleka data kwa megabiti 2 hadi 5 kwa sekunde. Biti ya megabiti 5 ina nanosekunde 200, na hapo kila kipande cha waya kinachoning'inia pembeni kinaonekana, pamoja na kapasita ya swichi yako. Kwa kasi hizo rezista zikae kwenye ncha za kweli.

Mezani inafanya kazi bila rezista hata moja. Kwa nini niweke?

Kwa sababu mezani una bodi mbili na nusu mita ya waya. Ongeza bodi nane na urefu wa chombo, rudia ile hesabu ya kwanza.

Nitajuaje kama swichi yangu inafanya kazi kweli?

Mita kwanza. Laini ikiwa haina umeme wa wengine, amuru bodi iunge rezista, pima. Amuru itoe, pima. Swichi ya mwanga ipime pia kwa kugeuza vichomeo vya mita, upande huu na upande huu, ili kama mosfeti moja imekufa uione. Kisha chomoa umeme wa bodi na upime tena. Hii hurukwa sana. Ukiwa na osiloskopu, angalia tofauti ya H na L wakati laini inarudi kimya. Mteremko mkali ni afya, mkia mrefu ni rezista isiyoungwa. Usipokuwa nayo, acha chombo kizunguke Malindi nzima huku programu ikiandika hesabu za makosa. Hesabu inayopanda polepole barabara ya vumbi na kutulia kwenye lami ni konekta, usiilaumu swichi.

Vipi LIN na RS-485?

Hizi ni laini nyingine za mawasiliano. LIN ni waya mmoja na haina rezista za ncha kwa maana hii. Bodi kuu inavuta kwa kilo-omu 1 na wengine kwa kama kilo-omu 30. RS-485 inahitaji rezista ncha zote mbili, na kwayo kazi ni rahisi zaidi, kwani ziko transiva zenye rezista ya 120 na swichi yake ndani, kama LTC2854. Kwa mashine isiyo ya gari, nunua hiyo uache kuchora.

Fundi, mimi niko Lamu. Gari sina, nina boti yenye NMEA 2000 na skrini inapotea nikiwa baharini. Nifunge bodi kama hii?

Hapana, nahodha. NMEA 2000, mtandao wa vifaa vya boti, ni CAN hiyohiyo kwa kilobiti 250, lakini imejengwa kwa waya mmoja mkuu na matawi yasiyozidi mita 6 kila moja, na rezista zake ni vifuniko vya kuchomeka kwenye ncha mbili za waya mkuu. Hazihitaji programu, na katikati ya mkondo wa Lamu hutaki kitu cha kufikiria. Zima umeme wa laini, chomoa kifaa kimoja uweke mita kati ya waya wa H na wa L pale kwenye tawi lake. Ukipata 60, tafuta kwingine, anza na umeme wa skrini. Ukipata 120, kifuniko kimoja hakipo au kimeharibika. Ukipata sabini na kitu inayocheza ukitikisa waya, ni chumvi kwenye pini. Zifungue zote, zisafishe kwa spiriti, zipake grisi ya konekta, na kifuniko kilichoota kijani usikisafishe, badilisha.